Tarikh ya Kilwa na Hifadhi ya Programu: Jinsi ya Kupanga Kazi Yenye Moduli Nyingi

Habari za masultani wa Kilwa Kisiwani zimebaki katika vitabu viwili vya zamani. Kimoja ni cha Kireno, kilichotungwa na João de Barros na kuchapwa mwaka 1552. Cha pili ni cha Kiarabu, nacho hujulikana kwa nakala moja tu iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877. Sultani Barghash alimpa nakala hiyo John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, na leo imewekwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London.

Asomaye vitabu hivyo viwili sambamba huona upesi kwamba vina asili ya karibu. Barros mwenyewe aeleza kwamba alitumia tarikh ya wafalme wa Kilwa. Vyote viwili vyasimulia wageni wenye kuhusishwa na Shirazi, na vyote vyasema kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Lakini kitabu cha Kiarabu chataja majahazi saba, ya baba na wanawe sita. Jahazi la sita lafika Kilwa, na la baba lafika Nzuwani katika visiwa vya Komoro. Barros ataja majahazi mawili tu, yaliyotoka Hormuz. Orodha za masultani nazo hazilingani. Tena, dibaji ya kitabu cha Kiarabu yaahidi sura 10, ilhali nakala iliyopo ina sura 7.

Wanahistoria wamefanya kazi kubwa kuyapatanisha masimulizi hayo. Kazi yao ni ngumu kwa sababu kuna maswali manne yasiyo na majibu ndani ya vitabu vyenyewe: Nani alibadili maneno? Aliyabadili lini? Kwa sababu gani? Na alianzia katika nakala ipi? Kama kila mnakili angaliandika majibu ya maswali hayo pembeni mwa ukurasa, mahali njia zilipoachana pangalionekana wazi.

Makala haya yahusu kazi ya leo yenye shida ileile, yaani kazi ya kuandika programu za kompyuta zenye sehemu nyingi. Yanaeleza chombo kilichobuniwa ili maswali hayo manne yapate majibu daima, na jinsi ya kuzipanga sehemu za programu ndani ya chombo hicho.

1. HIFADHI YA MATOLEO NI NINI

Programu kubwa haiandikwi na mtu mmoja kwa siku moja. Huandikwa na watu wengi, pengine walioko miji mbalimbali, kwa muda wa miaka. Kila mmoja huchukua nakala, hurekebisha mistari kadhaa, kisha huirudisha. Pasipo utaratibu, baada ya wiki chache patakuwa na nakala nyingi zenye majina kama «mpya», «mpya kabisa» na «ya mwisho», na hakuna ajuaye ipi ndiyo sahihi. Kila mwalimu aliyewahi kuandaa mtihani pamoja na wenzake kwa kupelekeana mafaili anaifahamu adha hiyo.

Hifadhi ya matoleo ni mahali ambapo mafaili yote ya kazi huwekwa pamoja na historia yake yote. Kila mara mwandishi anapomaliza badiliko moja, huliandikisha humo. Uandikishaji huo waweza kuitwa ingizo, kama lile la daftari la mhasibu. Ingizo huwa na mambo matano: hali ya mafaili yote wakati huo, jina la aliyebadili, tarehe na saa, maelezo ya sababu, na utambulisho wa ingizo lililotangulia. Msomaji ataona kwamba mambo manne ya mwisho ni majibu ya maswali manne ya Tarikh.

Vyombo vya namna hii si vipya. Mwaka 1972 Marc Rochkind, wa maabara za Bell nchini Marekani, alitengeneza chombo kiitwacho SCCS. Miaka ya 1980 Walter Tichy alitengeneza RCS. Mwezi Aprili 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuandika Git, ambacho sasa ndicho kitumikacho zaidi duniani.

Katika Git, kwa kawaida kila ingizo hupewa utambulisho wa alama 40, zilizo tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Alama hizo hazichaguliwi na mtu. Kompyuta huzikokotoa kutokana na yaliyomo katika ingizo, ukiwamo utambulisho wa ingizo lililotangulia. Kwa hiyo anayebadili herufi moja ya ingizo la zamani hubadili utambulisho wake, na wa maingizo yote yaliyofuata katika mnyororo huo. Mnakili akitia mkono wake kwa siri, mnyororo wote wamshuhudia.

Hifadhi pia huruhusu matawi. Waandishi wawili waweza kuanza katika ingizo moja, kila mmoja akafuata njia yake, na baadaye njia hizo zikaunganishwa. Iwapo wamebadili mistari tofauti, kwa kawaida kompyuta huunganisha yenyewe. Iwapo wamebadili mstari uleule kwa namna mbili, kompyuta husimama na kumtaka binadamu aamue. Vitabu vya Barros na vya Kiarabu ni kama matawi mawili ambayo hayakuunganishwa, na mahali pa kuachana kwake hapakuandikwa.

2. MODULI NA MKATABA WAKE

Programu ndogo yaweza kukaa katika faili moja. Programu kubwa hugawanywa katika sehemu ziitwazo moduli. Mwaka 1972 David Parnas alichapisha makala mashuhuri kuhusu jinsi ya kugawa. Alishauri kwamba kila moduli ifiche uamuzi mmoja ambao huenda ukabadilika, ili ubadilikapo, moduli nyingine zisiguswe.

Na ichukuliwe mfano wa kazi ya darasa. Wanafunzi wa sekondari katika pwani ya Lindi, ambako ufuta ni zao kubwa la biashara, wanataka kuandika programu ya kumsaidia karani wa chama cha msingi cha ushirika. Wanaigawa katika moduli nne: mizani, inayopokea uzito wa magunia, bei, inayotunza bei ya kila mnada, malipo, inayokokotoa fedha za mkulima baada ya makato, na ripoti, inayochapa stakabadhi na jumla za mwezi.

Moduli hizi huzungumza. Malipo huuliza mizani, «Mkulima huyu ameleta uzito gani?» Mizani hujibu kwa namba. Lakini namba peke yake haitoshi. Lazima pawe na mapatano yaliyoandikwa kwamba namba hiyo ni ya kilo, si ya frasila wala ya magunia. Mapatano ya namna hii ndiyo mkataba wa moduli.

Mkataba ukivunjika, madhara si madogo. Frasila moja ni kilo 16 hivi. Ikiwa mizani yatoa frasila, na malipo yadhani ni kilo, mkulima aliyeleta frasila 10, yaani kilo 160 hivi, atalipwa fedha za kilo 10. Kompyuta haitaonyesha kosa lolote, kwa kuwa 10 ni namba halali. Moduli zote mbili zaweza kuwa zimeandikwa vizuri kabisa, na mkulima akarudi nyumbani mikono mitupu.

Jambo hili limewahi kutokea kwa wataalamu wakubwa. Tarehe 23 Septemba 1999 shirika la NASA la Marekani lilipoteza chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipokuwa kinafika kwenye sayari ya Mirihi. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu moja duniani ilitoa matokeo kwa kipimo cha nguvu cha pauni, na programu nyingine ilidhani matokeo hayo ni ya nyutoni. Tofauti ya vipimo hivyo ni mara 4.45 hivi. Kila programu ilikuwa na hesabu yake; mkataba baina yao ndio haukufuatwa.

3. HESABU YA MICHANGANYIKO

Sasa na itazamwe hesabu ifuatayo, ambayo ndiyo kiini cha somo hili.

Moduli nne za ufuta zitaendelea kurekebishwa. Baada ya muhula mmoja, tuchukulie kila moduli ina matoleo matatu. Karani anaweza kujikuta na toleo la 1 la mizani, la 3 la bei, la 2 la malipo na la 3 la ripoti. Idadi ya michanganyiko yote iwezekanayo ni 3 × 3 × 3 × 3, yaani 81. Moduli zikiwa 10, michanganyiko ni 3 kwa kipeo cha 10, yaani 59,049. Hakuna darasa, wala kampuni, iwezayo kuijaribu yote.

Kwa kweli haihitajiki kuijaribu yote. Kinachohitajika ni kujua mchanganyiko mmoja uliojaribiwa ukafanya kazi, na kuweza kuutaja kwa jina. Karani akisema, «Jana stakabadhi zilitoka sawa, leo zimeharibika,» lazima mwandishi aweze kujibu: jana palikuwa na mchanganyiko upi, na leo upi? Asipoweza kujibu, hata moduli zilizo bora zitakuwa kama sura za Tarikh zilizotawanyika, ambazo kila moja yasomeka lakini hakuna ajuaye zilivyofuatana.

Hii ndiyo kazi kuu ya hifadhi katika mradi wenye moduli nyingi: kuupa kila mchanganyiko jina lisilobadilika. Mambo mengine yote ya mpangilio hupimwa kwa kipimo hicho.

4. HIFADHI MOJA AU NYINGI?

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: Je, moduli zote ziwekwe katika hifadhi moja, kila moja na folda yake, au kila moduli iwe na hifadhi yake?

Njia ya kwanza ina faida iliyo wazi. Kwa kuwa ingizo hushika hali ya mafaili yote kwa wakati mmoja, kila ingizo ni mchanganyiko wenye jina. Mwanafunzi anayebadili mkataba wa mizani kutoka frasila kwenda kilo huweza kuirekebisha mizani, malipo na ripoti katika ingizo moja. Hakuna wakati hata mmoja ambapo hifadhi ina mizani ya kilo na malipo ya frasila. Makampuni makubwa pia hufuata njia hii. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walieleza kwamba sehemu kubwa ya programu za kampuni hiyo, yenye mistari bilioni 2 hivi, ilikuwa katika hifadhi moja.

Gharama zake ni kwamba hifadhi hukua, watu wengi hugusana, na ni vigumu kumpa mtu ruhusa ya sehemu moja tu. Google ililazimika kujitengenezea vyombo vyake yenyewe ili kumudu ukubwa huo.

Njia ya pili huipa kila moduli uhuru. Ina waandishi wake, kasi yake, na namba zake za matoleo. Yafaa pale moduli inapotumiwa na mifumo mingi, au inapotunzwa na kikundi kilicho mbali. Lakini mchanganyiko haujiandiki wenyewe. Lazima pawe na faili la orodha linalotamka waziwazi: mfumo huu umejengwa kwa mizani toleo 2.1.0, bei toleo 1.4.2, na kadhalika. Na faili hilo nalo liandikishwe katika hifadhi. Anayesahau orodha hiyo amerudi kwenye michanganyiko 81.

Namba za matoleo zenyewe zina desturi yake. Kwa kawaida huwa tatu. Ya kwanza huongezwa mkataba unapovunjwa. Ya pili, jambo jipya linapoongezwa bila kuvunja mkataba. Ya tatu, kosa linaporekebishwa tu. Kwa hiyo atumiaye mizani 2.1.0 aweza kupokea 2.1.1 kwa utulivu, lakini akiona 3.0.0 hapana budi asome kwanza mkataba mpya.

5. MFANO HALISI: TAKWIMU ZA ZAHANATI

Zahanati za Wilaya ya Kilwa, kama zilivyo nyingine za Tanzania Bara, huandika huduma zake katika rejesta za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Wagonjwa wa nje, wajawazito, watoto wanaopimwa na wanaochanjwa, wote huandikwa. Mwisho wa mwezi hujumlishwa, na jumla hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Kutokana na namba hizo, wilaya, mkoa na wizara huona malaria imepanda wapi na chanjo imefika wapi.

DHIS2 husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, na imetokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Kenya iliitumia kwa nchi nzima kuanzia mwaka 2011, na Tanzania Bara ilisambazwa mikoani kufikia mwaka 2013. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa miongoni mwa washiriki, na wameandika programu ndogo zinazofanya kazi juu ya mfumo huo. Maandishi ya programu ni huru, na kila mtu aweza kuyasoma. Kwa hiyo ni mfano mzuri wa kujifunzia.

Mpangilio wake huchanganya njia zote mbili zilizoelezwa hapo juu. Kiini cha mfumo kimo katika hifadhi moja, iitwayo dhis2-core. Ndani yake mna moduli nyingi, kila moja katika folda yake. Moduli ya dhis-api hutamka vitu vya mfumo na mikataba yake. Zilizo chini ya dhis-services hufanya kazi zenyewe, kama kutunza na kujumlisha takwimu. Na dhis-web-api hupokea maombi kutoka nje. Moduli hizi haziwezi kutengana. Ukibadilisha maana ya takwimu katika ya kwanza, hapana budi nyingine zifuate papo hapo. Ndiyo maana zimewekwa pamoja na hujengwa pamoja.

Lakini programu za kutazamia, kama ile ya ramani na ile ya kuchora chati, zina hifadhi zake mbalimbali. Hizi huzungumza na kiini kupitia mkataba wa nje tu, na zaweza kurekebishwa kwa kasi yake. Programu ya simu za Android nayo iko peke yake. Sababu yake ni rahisi kuifahamu. Seva moja mjini yaweza kubadilishwa usiku mmoja, lakini simu za wahudumu walio vijijini na visiwani hubadilishwa moja moja, kila intaneti ipatikanapo. Kwa muda, simu za matoleo mbalimbali huzungumza na seva moja. Kwa hiyo programu ya simu lazima ijue inapatana na matoleo yapi ya seva, na jambo hilo liandikwe.

Na lifikiriwe lingetokea nini kama mpango huo usingekuwapo. Tuchukulie moduli ipokeayo fomu imebadilishwa ili iwatenge watoto wa chini ya miaka 5 na wengine, na moduli ijumlishayo bado ni ya zamani, isiyojua kutenga. Jumla itatoka, na namba itaonekana ya kawaida. Lakini mwenye kuagiza dawa za watoto atakuwa amesoma idadi isiyo yao. Kosa la aina hii halipigi kelele. Huonekana miezi baadaye, pale dawa zinapopungua rafuni.

Mfano wa pili watoka Eldoret, Kenya. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS, ulioanzishwa mwaka 2004, ulipata nguvu kutokana na mahitaji ya kliniki za huko. OpenMRS ina kiini kimoja, na moduli zake nyingi zina hifadhi zake zenyewe. Hospitali moja huchagua moduli inazozihitaji, nyingine huchagua tofauti. Hapa uhuru ndio unaotakiwa, kwa kuwa hakuna mchanganyiko mmoja ufaao kila nchi. Lakini kila moduli hulazimika kutaja toleo la kiini inalolihitaji, na mahali pengine huandaliwa mkusanyiko uliokwisha kujaribiwa pamoja.

Mifumo hii miwili yaonyesha kanuni moja: vitu vinavyobadilika pamoja vikae pamoja, na vyenye maisha tofauti vitengwe kwa mkataba ulioandikwa.

6. KANUNI ZA KUANZIA

Kutokana na hayo, mwalimu anayeanzisha kazi ya programu darasani aweza kufuata kanuni hizi.

(a) Anzeni na hifadhi moja. Kutenga moduli baadaye ni rahisi kuliko kuunganisha hifadhi zilizotawanyika. Tengeni tu pale ambapo moduli ina waandishi wengine, watumiaji wengine, au kasi nyingine.

(b) Kila moduli iwe na folda yake, na jina liseme kazi yake. Katika mfano wa ufuta, folda zitakuwa mizani, bei, malipo na ripoti. Ziongezwe folda ya mikataba, folda ya majaribio, na faili la kusomwa kwanza linaloeleza jinsi ya kuijenga programu nzima.

(c) Utegemezi uende upande mmoja. Ripoti yaweza kuitegemea malipo. Malipo isiitegemee ripoti. Moduli mbili zikitegemeana pande zote mbili, kwa hakika ni moduli moja iliyokatwa mahali pabaya.

(d) Ingizo moja liwe na badiliko moja, na maelezo yaseme sababu. «Marekebisho» si maelezo. «Mizani sasa yatoa kilo badala ya frasila, kwa kuwa stakabadhi za chama hutumia kilo» ni maelezo.

(e) Mchanganyiko uliokwisha kujaribiwa utiwe alama ya toleo. Anayempelekea karani programu ampelekee toleo lenye alama, si nakala ya siku ile.

(f) Kisichopaswa kukumbukwa kisiingizwe. Hifadhi haisahau. Neno la siri, jina la mgonjwa au akaunti ya mkulima likiingizwa mara moja, kulifuta katika faili hakulifuti katika historia. Kwa majaribio yatumike majina ya kubuni.

Kanuni (d) ina faida ya kihesabu ambayo wanafunzi wa hisabati wataifurahia. Tuchukulie kosa limeonekana leo, na inajulikana kwamba halikuwapo maingizo 1,000 yaliyopita. Haihitajiki kukagua yote. Hujaribiwa ingizo la katikati. Likiwa zima, kosa liko nusu ya pili. Likiwa bovu, liko nusu ya kwanza. Nusu hiyo nayo hugawanywa. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024, majaribio 10 hutosha kulifikia ingizo lenye kosa. Lakini njia hii hufaulu tu iwapo kila ingizo laweza kujengwa na kujaribiwa peke yake. Mwandishi anayeingiza moduli nusu leo na nusu kesho huivunja ngazi hiyo.

7. ZOEZI BILA INTANETI

Kazi hii haihitaji intaneti. Git huweka historia nzima katika kila kompyuta, na hifadhi ya pamoja yaweza kuwekwa katika kompyuta moja ya shule, au hata katika flashi inayopitishwa kutoka kikundi hadi kikundi. Shule ya Kilwa Masoko na ya Kilwa Kivinje zaweza kushirikiana kwa flashi inayosafiri kwa basi.

Shule isiyo na kompyuta yaweza kufanya zoezi kwa karatasi. Darasa ligawanywe katika vikundi vinne, kila kimoja na moduli yake ya ufuta. Kila kikundi kiandike sheria zake za hesabu katika karatasi moja. Daftari moja kubwa liwe hifadhi. Kila badiliko liandikwe humo: namba ya ingizo, jina, tarehe, sababu, namba ya ingizo lililotangulia, na namba ya karatasi ya kila moduli inayotumika wakati huo. Kisha mwalimu akibadilishe kipimo cha mizani kimyakimya, bila kukiambia kikundi cha malipo, na darasa likokotoe malipo ya mkulima mmoja. Kosa litaonekana katika fedha. Baada ya hapo wanafunzi walitafute ingizo lililolileta, kwa njia ya kugawa nusu, na watengeneze kanuni itakayolizuia lisirudi.

Walimu wa historia waweza kulitumia zoezi hilohilo kwa Tarikh ya Kilwa. Wanafunzi wachore mti wa matawi mawili, la Barros na la Kiarabu, waandike kila mahali masimulizi yanapokubaliana na yanapoachana, kisha waulize maswali manne yaliyotajwa mwanzoni. Watagundua wenyewe ni swali lipi wanahistoria wameweza kulijibu, na lipi halina jibu.

Mnakili wa mwaka 1877 hakuwa mzembe. Bila kazi yake, hata sura hizo 7 zisingalikuwapo. Alichokosa ni desturi ya kuandika alichokipokea, na alichokibadili kama alibadili. Desturi hiyo yaweza kufundishwa darasani kwa daftari moja na kalamu, kabla ya kompyuta ya kwanza kufika shuleni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mradi una moduli 5, kila moja ina matoleo 4. Kuna michanganyiko mingapi? Kwa nini haihitajiki kuijaribu yote?

2. Moduli ya bei hutunzwa na shule moja, na hutumiwa na vyama vya msingi sita vyenye programu tofauti. Je, ibaki katika hifadhi ya mradi wa ufuta au itengwe? Toa sababu, na ueleze ni nini kitakachohitaji kuandikwa iwapo itatengwa.

3. Mizani ilikuwa toleo 1.3.2. Sasa imeacha frasila na kutoa kilo. Toleo jipya lipewe namba gani? Na kama lingerekebisha kosa la tahajia tu?

4. Kosa limejificha kati ya maingizo 500. Majaribio mangapi yatatosha kulipata kwa kugawa nusu?

5. Mwanafunzi ameingiza kwa bahati mbaya orodha ya majina halisi ya wakulima na akaunti zao, kisha akalifuta faili hilo katika ingizo lililofuata. Eleza kwa nini tatizo halijaisha, na ni nani anayepaswa kuarifiwa.